Mbuzi Aliyelazwa Msituni

Watu wa Kibua, kijiji cha msituni huko Walikale, walikuwa wamekwisha kuizoea sauti ile. Jioni, mvua ikikatika na ukungu ukianza kuteremka kutoka msituni, mtu aliinua kichwa kutoka kwenye sufuria yake na kusema, "Sikia, Mbuzi njo anapita," na wote waliokuwa karibu walinyamaza. Wengi waliapa kwamba waliisikia kabisa: teng, teng, teng, pikipiki ya zamani ikipanda mawe taratibu ng'ambo ya mto, upande wa njia ya kwenda machimbo ya Omate. Kisha ilikatika ghafla, na hakuna pikipiki iliyotokea.

Mtu mmoja tu hakuwahi kuisikia, naye ni Kanyere, mke wa mwenye pikipiki. Misimu miwili ya mvua ilikuwa imepita tangu mumewe Kasika aondoke nayo, na kila jioni alikaa mlangoni mwa karakana yao akitega sikio mpaka shingo ikamuuma. Alisikia mto. Alisikia vyura. Zaidi ya hapo, kimya.

"Hata leo hauisikie?" Josiane alimuuliza jioni moja. Josiane aliuza esanse, petroli ya pikipiki, kwenye chupa, juu ya meza iliyokaribiana na karakana, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko bidhaa yake. "Batu bote banasikia. Weye mwenye masikio ya kupima moteri, hausikie kitu?"

"Pengine anapitia kwako, dada. Umuulize kama angali anakumbuka esanse yako, ile unachangaka na maji."

Josiane alicheka akapiga mapaja. Kanyere naye alicheka. Lakini alipoinamia tena pikipiki ya mteja, alitega sikio upande wa mto.

Kanyere hakuwa mzaliwa wa msitu. Alizaliwa Butembo, katika nyumba ya mfanyabiashara Mkatoliki aitwaye Katembo, aliyeuza vipuri vya pikipiki. Akiwa msichana alipewa kazi ya kupanga segma, zile pete nyembamba zinazokumbatia pistoni, na baada ya muda mfupi aliweza kuzitambua kwa kuzipapasa tu ndani ya boksi. Ndivyo alivyokutana na Kasika. Kijana huyo alifika dukani siku moja, matope mpaka magotini, akafungua jani la mgomba lililokuwa na segma moja iliyovunjika.

Papa Katembo aliitazama akatikisa kichwa. "Hiyo pikipiki yako ilishakufa, kijana. Hata mwenye aliitengeneza alishakufa."

Kanyere aliichukua ile segma, akaipapasa. Alichagua segma ya pikipiki nyingine, kubwa kidogo, akazisugua ncha zake kwa tupa, akaipima, akaisugua tena, akampa. Kasika alirudi Walikale nayo. Miezi ikapita, akaja tena dukani, na safari hiyo hakuwa na jani wala segma. Papa Katembo alimwuliza anatafuta nini. Kijana akakosa jibu, na duka zima likacheka, kwa kuwa jibu lilikuwa limesimama nyuma ya meza.

Pikipiki yenyewe ilikuwa na historia yake. Zamani, padri mmoja mzungu, aliyekuwa akipenda mashindano ya kupanda mawe kwa pikipiki huko kwao, alileta mbili za aina hiyo katika misioni. Hazikufanana na pikipiki nyingine. Zilikuwa nyembamba, nyepesi, karibu hazina kiti, kwa maana mwendeshaji husimama. Moteri yake ilikuwa ile ya zamani inayokunywa esanse iliyochanganywa na mafuta, na kutoa moshi wa buluu. Pale pikipiki nyingine zilipozama kwenye matope mpaka tumboni, hizi ziliruka kutoka jiwe hadi jiwe. Ndiyo maana watu waliziita Mbuzi. Padri alipozeeka na kurudi kwao, alimwachia Kasika, kijana aliyekuwa akiziosha. Moja ilipochoka, Kasika aliifungua ili ilishe nyingine, kipande kwa kipande, mpaka ikabaki Mbuzi mmoja tu, mwenye viungo vya wawili.

Kasika alikuwa na desturi moja ambayo Kanyere aliicheka mwanzoni. Kila alipojua kwamba ataiacha Mbuzi siku nyingi, kwa mfano akienda Butembo kwa lori, hakuizima tu na kuondoka. Aliilaza. Kwanza alifunga robine, ule mfereji mdogo wa esanse, huku moteri ikiwaka, akaiacha inywe yote iliyobaki katika kabureta. Moteri za namna hiyo, kabla ya kufa kwa kukosa esanse, huinua sauti ghafla, kama mtu anayevuta pumzi kubwa, halafu hunyamaza. Baadaye alitoa buji, ile plagi ya cheche, akamimina kijiko cha mafuta safi ndani ya silinda, akasukuma kiki, kikanyagio cha kuwashia, kwa mkono polepole ili mafuta yaenee. Alipandisha pistoni mpaka ikaziba tundu la moshi, akarudisha buji. Mwisho alichukua kigunzi cha mahindi, akaziba nacho mdomo wa bomba ili unyevu wa msitu usiingie.

"Hata mutoto wetu haumulalishe hivi," Kanyere alimtania.

"Mutoto anaweza kulia. Huyu hawezi," Kasika alijibu. "Kama ni kulala usiku moja, sina lazima. Hii ninafanyaka kama ninataka kumwambia: ungoje, nitarudia."

Siku aliyoondoka, alikuwa ameitwa na wachimbaji wa Omate. Pampu yao ya kutoa maji shimoni ilikuwa imekufa. Wakati ule watu wenye silaha walikuwa wakikata njia huku na huku, na familia zilizokimbia Masisi, nyingine kutoka mbali kama Ngungu, zilikuwa zikipita Kibua na magodoro kichwani. Kanyere alimwomba asiende. Kasika alisema atapita njia za wawindaji, ambako hakuna mwingine anayeweza kupita. Akajifunga mfuko wa vifaa mgongoni, akaondoka asubuhi. Sauti ya Mbuzi ilipanda kilima, ikapungua, ikaisha.

Wachimbaji walisema hakufika. Lakini maneno ya njiani hayana mwenyewe. Baada ya muda yalianza kuja mengine: kwamba alionekana Omate amevaa saa mpya, kwamba ana mwanamke huko, muuza pombe, kwamba Mbuzi iliuzwa. Kanyere aliyachukia maneno hayo. Aliyachukia na kuyashika, kama mtu anavyoshika chungu cha moto asije akamwaga chakula. Maana kama Kasika alikuwa na mwanamke Omate, basi alikuwa anakula, analala, anacheka. Alikuwa hai.

Kwa hiyo, kila mara Jean-Bosco, kaka mkubwa wa Kasika, alipokuja kuuliza habari ya kilio, yaani matanga ya kumlilia Kasika, Kanyere alikataa. Jean-Bosco hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akimlimia shamba, na alitaka Olga, binti wa Kasika na Kanyere, apate mahali pake panapoeleweka katika ukoo. Lakini alihitaji neno la mke, kwa kuwa bila mke kukubali, kilio hakianzi.

"Kumulilia mutu muzima ni kumuchimbia shimo," Kanyere alimjibu kila safari.

"Na kuacha mufu bila kumulilia?" Jean-Bosco aliuliza. "Unafikiri ile sauti batu banasikiaka jioni ni nini? Ni mutu mwenye anatafuta mulango."

Asubuhi moja ya manyunyu, Kanyere akiwa jikoni, alisikia hodi nyuma ya nyumba. Alikuwa Papa Symphorien, mwindaji mzee wa kijiji cha jirani, Mkristo wa Jumapili ambaye siku nyingine alishika pia mambo ya babu zake. Nyuma yake walisimama wanaume wawili na mti mabegani. Katikati ya mti ilining'inia pikipiki, imefungwa kwa kamba za msituni.

"Hodi ya nyuma juu ya nini, Papa?" Kanyere aliuliza, maana hodi ya nyuma ilikuwa ya wanaoleta habari ya kifo. "Hapa hakuna kilio."

"Njo maana nilipita nyuma, mama. Sijue kama iko kilio ao haiko. Kitu ya namna hii sikuweza kuipitisha mbele."

Waliishusha chini polepole. Kutu ilikuwa imekula vishikio. Ukoka ulikuwa umemea kwenye mnyororo. Tairi zilikuwa zimelala bapa. Kanyere hakusogea.

"Uliipata wapi?"

"Kule bondeni, mbali na njia. Nilifwata nyama mwenye alikata mutego. Nikaona majani ya mangungu, ile mapana ya kuezekea, imekauka, mengi, imepangwa moja juu ya ingine kama paa. Nikajisemea: nyama hapangake majani."

"Na mutu?"

Symphorien alivua kofia yake, akaikunja. "Tulizunguka pale, mama. Hatukuona mutu. Hatukuona hata kiatu."

Habari haina miguu lakini hufika kabla ya mtu. Kabla ya saa sita Jean-Bosco alikuwa amekwisha kufika, amekaa juu ya gogo uani, akiitazama Mbuzi kana kwamba ingeweza kuinuka.

"Sasa umeiona," alisema.

"Nimeona chuma, kaka. Mutu bado sijamuona."

"Kesho kisha misa familia inakutana. Utatupa neno la mwisho." Alionyesha moteri kwa kidole. "Na usiiwashe. Unajua desturi yetu. Baba alipokufa, radio yake ilinyamaza mpaka siku ya kuondoa kilio. Watoto walilia juu ya muziki, lakini ilinyamaza. Kitu ya mufu yenye sauti haisemi kabla ya kilio kwisha. Siku ile njo inasemeshwa, mara moja, mbele ya batu bote."

"Na kama ninaiwasha leo?"

"Utakuwa umesema yuko muzima. Na mi sitakuuliza tena, mpaka ufe."

"Kuifungua je?"

Jean-Bosco alifikiri. "Kufungua haiko kusemesha. Fungua."

Kanyere aliifungua mchana ule ule, chini ya paa la mabati, mvua ikipiga juu. Alikuwa amejua tangu mwanzo anatafuta nini. Mwizi, au mnunuzi wa Omate asiyeijua Mbuzi, angeijaza esanse tupu bila mafuta, kama pikipiki za siku hizi. Pistoni ingeshika moto, ingekwaruza silinda na kugandamana nayo. Alama hizo huwezi kuzificha. Kanyere alizitaka alama hizo. Alizitaka kwa moyo wote, kwa sababu zingesema: iliuzwa, yuko Omate, ni mwongo, yu hai.

Alianza nyuma, kwenye bomba la moshi, ili kuona kama lina masizi mapya. Kidole chake kiligusa kitu kigumu. Alikivuta kwa koleo, kikatoka: kigunzi cha mahindi, cheusi kwa unyevu, kimekazwa barabara.

Alikiweka juu ya meza. Mvua iliongezeka.

Akainama kwenye robine. Ilikuwa imefungwa. Akatoa buji, ncha yake ilikuwa na utando wa mafuta, haina kutu hata chembe. Akachungulia kwenye tundu. Pistoni ilikuwa juu, mahali pake, imeziba njia ya moshi. Alipotoa kichwa cha moteri na kuinua silinda, ukuta wake ulimng'aria usoni, laini, unateleza kwa mafuta, kana kwamba kuna mtu aliyeufuta jana. Hapakuwa na mkwaruzo. Aliipapasa segma kwa kidole na akaitambua: alikuwa ameisugua yeye mwenyewe kwa tupa.

Hakuna mwingine aliyeiendesha. Hakuna aliyeiuza. Mikono iliyoilaza aliijua kama alivyoijua sahani aliyolia chakula.

Ilibaki kabureta. Ilikuwa kavu, kama alivyotarajia. Lakini chini yake kuna parafujo ndogo ya kumwagia, ambayo Kasika hakuigusa kamwe, kwa kuwa siku zote aliiacha Mbuzi inywe mpaka mwisho. Kanyere aliigusa kwa bisibisi, nayo ikazunguka bila nguvu. Ilikuwa imefungwa kwa vidole tu.

Alikaa chini, juu ya sakafu ya udongo. Kwa nini aimwage esanse? Kwa nini asiiache inywe? Aliuliza hivyo kwa sauti, na jibu likaja lenyewe. Ile pumzi ya mwisho. Moteri ingepiga kelele kabla ya kunyamaza, na bondeni kelele ile ingesikika mbali. Kulikuwa na watu karibu, watu ambao hakutaka wasikie. Alizima Mbuzi mapema, akaisukuma mpaka bondeni, akamwaga esanse ya kabureta kimyakimya kwenye matope. Halafu, pamoja na hofu yote, alitoa buji, akamimina mafuta, akasukuma kiki kwa mkono, polepole, bila sauti. Akatafuta kigunzi mfukoni mwake. Akakata majani, akayapanga. Akachukua mfuko wake wa vifaa, akaenda kwa miguu.

Ungoje, nitarudia.

Kanyere alilia mara ya kwanza tangu mumewe aondoke. Hakulia kwa sababu Kasika alimkimbia. Angefurahi kama angemkimbia. Alilia kwa sababu mtu anayelaza mashine yake namna ile anataka kurudi, na mtu anayetaka kurudi, kama ana miguu, hurudi. Misimu miwili ya mvua. Yule mwanamke wa Omate, muuza pombe, ambaye Kanyere alimlaani kila siku, hakuwahi kuwapo. Na sasa alimlilia huyo naye, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akimpikia Kasika chakula.

Kesho yake, baada ya misa, aliwakuta wa familia wamekaa kwa Jean-Bosco. Hakuketi. Aliweka kile kigunzi mbele yao, akaeleza kila kitu, sehemu kwa sehemu, taratibu, kama anayemweleza mteja ugonjwa wa moteri. Hakuna aliyemkatiza.

"Hakuuza," alimaliza. "Hakutukimbia. Aliilaza."

Jean-Bosco alikitazama kigunzi muda mrefu. 

"Neno lako, Kanyere?"

"Tumulilie, kaka."

Wakamlilia. Walilaza mgomba mchanga kaburini mahali pa mwili, kama ukoo ule ulivyofanya kwa waliomezwa na mto au msitu. Padri aliyekuja kuombea alitazama pembeni wakati wa mgomba, halafu akaendelea na sala zake. Kanyere alinyolewa nywele. Siku zote za kilio karakana ilifungwa. Lakini ndani yake, bila kusemesha kitu, aliirudishia Mbuzi mwili: alisafisha sumaku na platine zake za kutoa cheche, akabadilisha mipira iliyokauka, akatenganisha diski za ambreyaji, yaani klachi, zilizokuwa zimegandamana. Jioni watu waliendelea kusema wanasikia sauti ng'ambo ya mto. Yeye hakubishana nao tena.

Siku ya kuondoa kilio ilifika na jua. Uani palikuwa na masufuria ya wali na nyama, wimbo wa akina mama wa parokia, na wazee wa msituni waliokaa upande wao. Jean-Bosco alisimama, akatoa ishara. Kanyere akaisukuma Mbuzi mpaka katikati.

Josiane alileta chupa ya esanse. "Haina maji," alinong'ona. "Leo ninaapa kwa mama yangu."

"Na ile siku zingine?"

"Siku zingine usiniulize."

Kanyere aliichanganya na mafuta, akaitikisa, akamimina. Akafungua robine. Akasimama juu ya vikanyagio, kichwa chake kilichonyolewa kikimeta juani, akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena. Mbuzi ilikohoa moshi mdogo, ikanyamaza.

"Anakatala!" kijana mmoja akacheka, na mama yake akampiga kofi la mgongo.

Kanyere aliinama, akaweka kiganja juu ya silinda kidogo, kama mtu anayempima mgonjwa homa. Kisha akakanyaga kwa uzito wake wote.

Teng. Teng, teng, teng.

Moshi wa buluu ulijaa uani. Mama mmoja alijifunika mdomo kwa kitenge. Symphorien alivua kofia. Na Kanyere akaisikia. Sauti ile ile ambayo kijiji kizima kilikuwa kimeisikia bila yeye, ilimpanda sasa kutoka miguuni, ikapita magotini, ikafika kifuani. Hakutabasamu. Alisikiliza mpaka akatosheka, kama kuna kutosheka.

Halafu akanyoosha mkono chini, akafunga robine.

Mbuzi iliendelea kwa muda, taratibu, haijui. Watu hawakuelewa. Ghafla sauti ilipanda, ikapanda tena, kali, juu ya paa za mabati, juu ya migomba, ikavuka mto na kugonga msitu na kurudi. Ile pumzi ambayo Kasika aliizuia bondeni ilitoka yote. Jean-Bosco aliliita kwa sauti kubwa jina la ndugu yake, na hakuna aliyemsikia.

Kisha ikakatika.

Watu wote waligeuza nyuso upande wa njia ya Omate, wakangoja, kama walivyozoea. Kanyere naye alitega sikio. Mto ulikuwa ukipita. Kuku walikuwa wakichakura karibu na masufuria. Hakuna Mbuzi nyingine iliyojibu, na safari hii hakuna hata mmoja aliyesema amesikia.

Alishuka. Akatoa buji ingali moto, akaishika kwa pindo la kitenge chake, akaomba kijiko cha mafuta.